Dakika ya Kubaki

Kila aliyetimiza miaka sitini alichagua dakika moja ya maisha yake ihifadhiwe milele. Mengine yote yalifutwa akishafariki. Bi Mwanahawa, ambaye wimbo wake uliwahi kuusimamisha uwanja mzima, alichagua dakika ya asubuhi moja alipokuwa akimenya mihogo na mumewe, wakicheka.

"Umeacha sifa zote zile, Mama Zahoro, ukachukua mihogo?" mumewe alimuuliza, uso umemchangamka.

"Pale tupo wawili. Wewe mwaka jana ulichagua ipi?"

"Lile bao langu la fainali."

"Mimi nilikuwapo?"

"Tulikuwa bado hatujajuana."

Bi Mwanahawa akacheka, akamwongezea chai. Alikuwa na furaha, kwa kweli. Ila hakuacha kumtazama, akimwaza akikimbia uwanjani milele, kijana asiyemjua yeye hata kwa jina.