Libanga la Mwisho

Redio ilipotangaza kwamba wimbo wa "Pande Mbili" umeshika namba moja kwa wiki ya nne mfululizo, na kwamba Jumapili kutakuwa na tamasha, familia za wasanii zikae mbele, soko zima lilipiga vigelegele. Mohamadi, muuza vitenge, aliketi juu ya robota lake akaomba maji ya kunywa.

Si kwamba hakuwapenda wale vijana wawili wa rap waliouimba. Aliwazaa yeye.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Sultani, anayechana kwa hasira ya mtu aliyeibiwa pikipiki, ni Idrissa, mtoto wa Aïcha, wa mtaa wa Mangobo. Kapiteni, yule wa sauti nzito, ni Trésor, mtoto wa Solange, wa mtaa wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Miaka ishirini na miwili Mohamadi alikuwa akivuka kwa mtumbwi kutoka nyumba hii kwenda ile, na kwa hesabu zake hakuna nyumba iliyokuwa na habari za nyingine. Mangobo aliitwa Papa Idrissa. Lubunga aliitwa Papa Trésor. Asipoonekana, basi yuko safarini Yangambi, anauza vitenge.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Ya Mohamadi ilikuwa ndefu kwa sababu ilikuwa na utaratibu. Wake wote wawili aliwaita Chérie, yaani mpenzi, ulimi usije ukateleza. Robota jipya likifika, alichagua kitenge kizuri cha yadi kumi na mbili akakikata katikati: sita Mangobo, sita Lubunga. Kwa hiyo hakuwahi kumsifu mke mmoja kwa nguo ya mwingine. Mwaka huu Alhamisi tu ndiyo ilikuwa na kasoro. Popote alipokwenda alikuta chakula kimepoa, kwa kuwa Chérie ametoka kwenda likelemba, kwenye mchezo wa akina mama wa kuchangiana.

Wale vijana walianza kwa kutukanana kwenye redio mwaka mzima, pande mbili za mto zikishabikia. Kisha, ghafla, wakatangaza kwamba wataimba pamoja. Mohamadi alikonda.

Kilichomtia hofu ni libanga. Katika muziki wa Kongo, mwimbaji hurusha majina ya watu ndani ya wimbo, na kila jina huitwa libanga, yaani jiwe. Mtoto mwema humrushia babake jiwe la kwanza. Sasa wimbo mmoja, vijana wawili, baba mmoja!

Kabla hawajarekodi, alimwita Idrissa pembeni.

"Mutoto yangu, jina yangu usitupe mule. Miye mutu ya musikiti."

"Hata Papa Idrissa tu?"

"Hata ile. Uape."

"Bon, papa, minaapa. Siye tuko tunarépéter, tunafanya mazoezi kila Alhamisi, tutatoa kitu muzuri. Tuna hata bamama bawili ya refrain."

Mohamadi hakuwa na haja na bamama wa refrain, waimba kiitikio. Kesho yake alivuka mto, akamwapisha Trésor pia.

Vijana walitimiza ahadi. Wimbo ulimtaja muuza mikate, ukamtaja fundi wa baiskeli, ukamtaja hata mbwa wa studio. Jina la Mohamadi halikuwemo. Alipumua, na kwa kuwa moyo ulitulia, akaanza kuupenda wimbo wenyewe, hasa kile kiitikio cha wanawake wawili, ambacho mashine za studio zilikilainisha mpaka kikasikika kama cha wasichana:

*Mto mumoja, pande mbili,*
*wapi umeoga, wapi umekula?*

Alikiimba huku akipima vitenge. Wateja walicheka, naye akacheka nao.

Sasa hili la tamasha, familia zikae mbele! Jioni ile ile alianzia Mangobo.

"Chérie, Jumapili nitakuwa Yangambi. Usiende kuangalia ile fujo ya bajeune ba rap."

"Siendi kuangalia, Papa Idrissa," alisema Aïcha. "Mungu ananiona."

Kesho yake Lubunga, Solange hakubisha pia. "Siendi kuangalia, Papa Trésor. Mungu ananiona."

Mohamadi alimshukuru Mungu huyo huyo kwa kumpa wake wasikivu.

Jumapili mchana hakwenda Yangambi. Alivaa kofia ya kuazima na miwani myeusi, akajibanza nyuma ya moshi wa mishikaki kwenye uwanja wa tamasha. Viti vya mbele vya familia aliviona vitupu. Alhamdulillahi. Vijana walipanda, wakachana, mabanga yakaruka kama mvua, na hata moja halikumgusa. Umati ulikuwa umepagawa. Mohamadi alifuta machozi chini ya miwani. Laiti angeweza kumshika mtu bega amwambie, wale wote wawili ni wangu.

Idrissa akainua mkono. "Public! Sauti ya refrain munaiuliza tangu zamani. Leo muione!"

Wanawake wawili walipanda jukwaani wameshikana mikono. Mohamadi alikitambua kitenge kabla hajazitambua sura: ndege wa buluu juu ya manjano, na pale mabega yao yalipogusana, ndege aliyekatwa katikati alipata bawa lake la pili.

"Batoto balishaapa habatatupa jina," alisema Aïcha kwenye kipaza sauti. "Siye, hatukuapa kitu."

Akanyoosha kidole kuelekea kwenye moshi wa mishikaki. "Papa Trésor! Yangambi banasema nini?"

"Papa Idrissa," aliita Solange, "leo utakula wapi?"