Helmeti ya Bi Saumu

Wewe umewahi kushika kofia ambayo haijavaliwa mwaka mzima, ukaikuta ina joto la kichwa cha mtu?

Hatibu aliishika hivyo, adhuhuri, uani kwa Bi Saumu. Alikuja kununua pikipiki ya marehemu mwanawe, maana siku hizi mji mzima una pikipiki, hata muuza maziwa, na yeye bado alikuwa anaendesha ya tajiri. Pikipiki ya marehemu ilikuwa imefutwa vumbi mpaka kwenye spoku. Helmeti yake nyeusi haikuwa na hata mchubuko.

"Mama, nani kaivua sasa hivi? Hata sponji imelowa jasho."

"Hakuna, baba. Mwanangu aliining'iniza kwenye usukani miaka yote. Akiwaona trafiki ndiyo anaivaa, akiwapita anaivua. Hata siku aliyoanguka, kichwa kilikuwa kitupu."

"Sote ndivyo tufanyavyo," Hatibu akacheka, akaining'iniza kwenye usukani, ingawa mkono ulikuwa umemsisimka.

Bi Saumu akachomoa ufunguo. "Basi haiuzwi. Wawili waliokutangulia walifanya hivyo hivyo, wakaondoka kwa miguu."

Hatibu akaitazama pikipiki. Akaivaa helmeti. Ikambana taratibu, kama viganja viwili, na masikioni akasikia mtu akishusha pumzi. Akafunga mkanda.

Bi Saumu akampa ufunguo.

"Si fedha nilizotaka, mwanangu. Nilitaka nimwone mmoja tu akitoka mlango huu ameivaa."