Wa Humuhumu

Bi Mwanamkuu aliponzwa na ulimi wake. Watafiti wa vyuo vikuu vya nchi tatu walipokuja kuorodhesha vya kuhifadhiwa katika kiwanda cha zamani cha mkonge, ambacho sasa ni nyumba za kupanga, walimuuliza kwao ni wapi. Akajibu, "Mimi ni wa humuhumu." Wakamwandika kwenye orodha yao, baada ya bomba la moshi. Na kilichoandikwa hakibadilishwi mpaka vyuo vyote viafiki.

Sasa ameng'oa jino, na wiki ya tatu hii anaomba ruhusa ya kuweka la bandia.

"Jino ni langu, baba," alimwambia mkaguzi wa orodha, amechoka. "Nataka kutafuna nyama, basi."

"La bandia halina haja, mama," mkaguzi alisema kwa upole. "La asili tumelipata jalalani. Fundi mwashi yuko njiani."