Nyumba Itakayolia

Bibi Dorkas alikuwa anapika kande juu ya matofali matatu yaliyokatika, ndipo mashine ikaingia jikoni kwake.

"Shikamoo, bibi," alisema Stanley, mtafiti wa mionzi, kijana mpole. "Mashine hii ikilia sana humu ndani, itabidi uhame. Kuna mawe yanatoa gesi, radoni. Haionekani, haina harufu, lakini mapafu inayala."

"Marahaba. Pima tu, mjukuu wangu. Kuhama nimezoea."

Mwenyekiti Gasto, aliyesimama mlangoni, alicheka. Kiwanja cha bibi kiko kando ya barabara, na alikuwa amekitolea macho tangu achaguliwe.

Kuzoea si kupenda. Dorkas alikuwa mtoto kule Kilimatinde wazungu walipokuja, mmoja akikinga mapovu ya gesi ya chemchemi kwa chupa, mwingine kashika kisanduku kinachotatarika. Kisanduku kikalia jikoni kwa mama yake. Nyumba ikavunjwa. Mama akajitwika mafiga yake, wakaondoka. Baadaye wakaja watu wa vijiji vya ujamaa, Dorkas akahama. Wakaja watu wa hifadhi, akahama tena. Kila aliyekuja alikuwa na amri. Hakuna aliyekuja na mkokoteni. Sasa magoti yamegoma.

Kisanduku cha Stanley kilipita kwenye chungu, kitandani, darini. Tat. Tat. Basi.

"Pima tena," alisema Gasto.

Tat.

"Hamna kitu, Mwenyekiti."

Gasto aliteremsha macho hadi kwenye matofali. "Bibi nawe! Mafiga ya mama yako umenizawadia mimi, wewe unapikia vifusi?"

"Nyumba mpya haiwashwi moto bila mafiga ya mkubwa. Ndivyo tulivyolelewa." Akamgeukia Stanley. "Mnapima kila nyumba, au za wazee tu?"

"Kila nyumba, bibi."

"Twendeni kwangu basi!" Gasto alijipiga kifua. "Saruji tupu ile. Hata mchwa hapati pa kuingilia, sembuse mionzi!"

Dorkas aliwafuata polepole, mkono kiunoni.

Sebuleni kimya. Vyumbani kimya. Wakazunguka hadi jiko la nje, mke wa Gasto akaondoa sufuria juu ya mafiga kuwapisha, na kisanduku kikapiga mayowe kama mbuzi aliyenaswa. Stanley akaruka nyuma.

"Nihame?" Gasto alinong'ona. "Mimi?"

Dorkas alikaza kanga yake.

"Mafiga utaruhusiwa kuondoka nayo, Mwenyekiti," alisema. "Hata mama walimruhusu."