Malkia wa Katikati

Mfanya mazingaombwe alikuja kwa mzee kujifunza utapeli wa zamani wa karata tatu, saba mbili na malkia mmoja wa kubahatisha alipo, auonyeshe jukwaani. "Ila mwishoni mtazamaji ampate malkia, mzee. Apigiwe makofi."

Mzee akashusha pumzi. Miaka yote aliyochezesha vichochoroni, hakuna aliyewahi kumpata. Akazilaza karata mezani polepole, akamwita mkewe achague.

Mkewe akafunua: saba. Mzee akazipanga upya, mkewe akafunua tena: saba. Kidole gumba cha mzee, kilichopinda kwa uzee, kilikuwa kinamhamisha malkia chenyewe.

"Samahani, mama watoto. Mkono umezoea. Safari hii yupo katikati, haki ya Mungu."

"Umeshaniapia mara ngapi?" mkewe akasema kwa uchovu, akatoka kwenda kuanua nguo.

Mgeni akafunua ya katikati. Malkia.

"Mwite," mzee akasema. "Mwite upesi."