Kiti cha Bi Mwanahija

Siku ya vyama pale chuoni ilikuwa na desturi moja: chama ambacho hakijapata majina kumi kufikia saa sita mchana hurudisha kiti chake stoo, na habari yake huishia hapo.

Bi Mwanahija, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye wajukuu wawili, alikuwa na majina tisa, lake likiwemo. Chama chake kilikuwa cha watu wanaoogopa kusoma kwa sauti mbele ya wenzao. Wengi walisoma bango lake, wakatabasamu, wakapita.

Zilipobaki dakika tano, mzee Shungu wa stoo alishika mgongo wa kiti. "Pole, mama. Inuka."

Hapo akatokea Kitwana, mwenyekiti wa chama cha mdahalo, kijana ambaye sauti yake ilijulikana chuo kizima. Bi Mwanahija alidhani amekuja kumtania. Kitwana akachukua kalamu, akaandika jina lake kwenye mstari wa kumi.

"Hata wewe?"

"Hotuba zangu zote huwa nazikariri, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Nikipewa karatasi nisome papo hapo, ulimi unakufa ganzi."

Bi Mwanahija akashusha pumzi ndefu. Kitwana naye akashusha yake.

Mzee Shungu akaachia kiti. Akaenda stoo, akarudi na kiti cha pili. Kitwana akaketi, akafungua kitabu kilichokuwa mezani na, wenzake wa mdahalo wakimtazama, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.