Kura ya Kwanza ya Mghoi

Siku hizo aliyeshinda uchaguzi alifutiwa kumbukumbu zote za ndugu zake, asije akawapendelea. Mghoi, ndiyo kwanza afikishe umri wa kupiga kura, alimpigia debe dada yake Wakesho, aliyemlea tangu mama yao afariki.

Asubuhi ya uchaguzi Wakesho alimsuka nywele taratibu. “Usiponipigia sitakulaumu, mdogo wangu.”

“Mji mzima hauna maji, dada. Nani mwingine atayaleta?”

Akampigia. Wakesho akashinda kwa kishindo, akapelekwa hospitali, kisha akaja uwanjani kuwashukuru wapiga kura. Mghoi akajipenyeza hadi mbele, akampa mkono.

“Nilikupigia wewe,” alisema.

Mheshimiwa akatabasamu. “Asante sana, binti. Nyumbani hawajambo?”

“Hawajambo,” akajibu Mghoi, ingawa nyumbani hakukuwa na mtu.